Alama Nyekundu Ukutani kwa Mayi Nagama

Kila mwaka mvua zikikatika, jirani yangu Mayi Nagama, yaani Mama Nagama, hutoa kopo la rangi nyekundu uvunguni, akaipaka upya ile alama ya X ukutani kwake. Wapimaji ndio walioichora, miaka kumi na moja iliyopita, wakasema barabara ya lami itapita hapa na nyumba itabomolewa. Wengine huomba nyumba zao zisiguswe. Yeye anaogopa serikali isije ikasahau.

"Mayi, ezeka paa basi," nilimwambia juzi. "Godoro lote limelowa."

"Niezeke nyumba ya kubomolewa? We una wazimu?"

"Mwenye wazimu ni mimi, au anayelala na mwavuli?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini hakuezeka.

Chanzo ni Tiyamike, mtoto wake wa pekee. Sisi Wachewa, mume ndiye anayehamia kwa kina mke, na mpaka haujatuzuia. Wa Malawi na wa Zambia tunaoana tu. Ila Lameki, mkwe wake, alikaa miezi mitatu akaaga. Kwao Zambia lami ilikuwa imeshafika kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, na nguzo za umeme zinaifuata. Kwetu Malawi kulikuwa na tope, na vigingi vya wapimaji ambavyo mbuzi walijikunia. Tiyamike akafunga mizigo amfuate mumewe. Mlangoni akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Lami ikifika hapa, mama, narudi. Nitajenga papa hapa."

Basi, mwenzangu akashikilia neno hilo. Mwalimu Yotamu hutusomea gazetini bajeti za nchi zote mbili, kila moja imetenga nini kwa barabara, madaraja na umeme, na wanaume hubishana mpaka mate yanawaruka. "Wenzetu wanajenga!" "Wajenge tu, zahanati yao haina dawa!" Mayi Nagama huuliza swali moja: "Mwalimu, yetu imetajwa?" Mwalimu hukunja gazeti polepole, asimtazame. Naye huondoka kwenda kutafuta kopo lake. Inaniuma, nisiseme uongo. Hata mimi siku hizi, nikisikia lori kwa mbali, nasimama kusikiliza.

Jumapili iliyopita Tiyamike alikuja, mara ya kwanza tangu ahamie Zambia, na mtoto wake mchanga. Basi lilimshusha kwenye bikoni, lami inapoishia. Kutoka hapo alitembea, viatu mkononi, mtoto mgongoni, tope hadi magotini. Alimkuta mama yake amesimama juu ya kigoda, brashi mkononi, na mimi nimemshikia kopo.

Akaitazama X inayong'aa. Akalitazama paa, lilivyotoboka. Akaelewa yote, akaegemea ukuta.

"Mama," akasema, "yale ya lami niliyasema ili usilie tu."

Jamani! Nusura kopo linidondoke. Mayi Nagama hakugeuka. Aliumalizia mstari wake taratibu, mpaka chini.

"Nilijua, mwanangu. Siku ileile nilijua. Lakini we nawe, ningengoja nini kingine?"

Akashuka kigodani, akanyoosha mikono, akaitazama, akairudisha nyuma.

"Mlete karibu nimwone," akasema. "Nisimshike, nina rangi mikononi."