Jiliwa la Mjomba na Kiwiko Changu

Nimewahi kuaibika kanisani, nimewahi kuaibika ukweni, lakini aibu hizo zote nikizifunga mzigo mmoja hazifikii ile niliyoipata Kibaoni siku ya mnada, mbele ya watu, ng'ombe na mama lishe mmoja mwenye mdomo, nikiwa nimepiga magoti, nimekabwa shingo na kitu nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana bila hivyo hamtajua nilianguka kutoka juu kiasi gani. Nilitoka Kibaoni na shati moja, nikabeba magunia stesheni ya Mpanda, nikafika Dar es Salaam, nikajisomesha bila msaada wa mtu, na katikati ya miaka ya tisini nikarudi na stashahada ya ufundi mitambo, suruali tatu za kupiga pasi na tai. Eneo letu zima la Mpimbwe hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile (kama alikuwepo, alijificha).

Mjomba wangu Leonsi, kaka yake mama, alikuwa mhunzi. Karakana yake ilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo sita, pembeni ya uwanja wa mnada, na humo alifua majembe, mashoka na vipuri vya plau za ng'ombe akiwa amekaa. Nasema amekaa kabisa, kwenye kipande cha gogo, fuawe, chuma cha kufulia, katikati ya miguu, kazi akiibana kwa koleo na wakati mwingine kwa nyayo. Nilimwonea huruma. Nikasema mtu wa damu yangu hawezi kufanya kazi chini kama anayemenya viazi, nitamjengea stendi ya jiliwa, kile chombo cha taya mbili za chuma kinachobana kitu ili ukifanyie kazi (wengi tunakiita vaisi), naye atasimama kama fundi.

Na niliijenga, jamani, hilo siwezi kulificha hata kwa aibu. Kitako kilikuwa ringi ya lori niliyoijaza zege, mguu ulikuwa bomba nene la propela ya gari bovu, juu nikachomelea bamba la chuma, na juu ya bamba nikafunga jiliwa la mkono wa pili nililolitafuta miezi miwili. Nikatengeneza na vishikizi vya kuvalisha kwenye taya, kimoja cha jembe, kimoja cha shoka, kimoja cha plau. Nikapaka rangi ya kijani. Sasa kimo. Kitabu kinasema taya za jiliwa ziwe usawa wa kiwiko cha anayelitumia, lakini Mjomba alikuwa Kibaoni na mimi nilikuwa Mpanda mjini kwenye umeme wa kuchomelea, na kusafiri kwenda kupima kiwiko cha mtu niliona ni kupoteza siku, kwa hiyo nikasimama wima, nikapima kiwiko changu (na mimi, mkinitazama, si mfupi). Uamuzi mdogo tu huo. Haukuchukua hata dakika.

Niliishusha stendi kwenye lori siku ya mnada makusudi, ili ionekane. Mjomba akaizunguka mara mbili, akaigusa, akaisukuma kidogo kwa kidole.

"Umefanya kazi, mpwa wangu," akasema. "Ila tuichimbie. Haina mizizi."

"Mjomba, hiyo ina zege kilo na kilo. Hiyo haiendi popote."

Akasimama mbele yake, na taya zikamfika kwapani. Akanyanyua nyundo, akaishusha, akarudi kukaa kwenye gogo lake. Mama Anastazia, aliyekuwa anauza maharage hapo jirani, akasema taratibu, "Leonsi, subiri, nikuletee ndoo ya kupandia."

Watu wakacheka. Hapo ndipo ningenyamaza. Badala yake nikasema kazi ya kwanza nitaifanya mimi, nyie tazameni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kijiji cha Mamba na ng'ombe wake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake, na plau yake, ambayo ndiyo pekee nyumbani, ilikuwa imegonga kisiki, ule mhimili mrefu wa chuma unaovutwa na maksai ukapinda. Bila plau hapandi, na asipopanda wiki ile, watoto wake wangekula nini mwakani hakuna aliyejua. Alikuwa ameubeba mhimili begani tangu alfajiri.

"Utanyooka, baba?" akaniuliza.

"Mzee, hilo kwangu ni jambo la kupumua."

Tukauchoma mpaka ukawa rangi ya chungwa lililoiva. Nikaubana kwenye jiliwa, nikakaza, na wakati nakaza nikawa nawahutubia watu juu ya kiwiko na kitabu, nikiwa nimeinama, na tai yangu (chuo walitukataza tai karibu na mitambo, wiki ya kwanza kabisa) ikaingia kati ya taya upande wa pili, sikuiona. Nikachomeka bomba refu kwenye ncha ya mhimili ili nipate nguvu, nikavuta kwa mwili wote.

Kitu kirefu chenye kitako kidogo, ukikivuta kwa juu, kinafanya nini? Hata mbuzi anajua. Stendi ikaanza kunijia. Nikataka kuruka pembeni, shingo ikakataa. Tukaenda chini pamoja, polepole kama watu wanaoheshimiana, mimi kwa magoti ndani ya tope la maji ya kupozea chuma, jiliwa ubavuni kwangu, tai imekaza, na mhimili ukiwa bado mwekundu umelaliwa na uzito wa stendi nzima.

"Mwacheni kwanza," akasema Mama Anastazia, "anasali."

Mjomba akaja na tindo ya kukatia chuma na nyundo, akaiweka tindo juu ya tai, kidole kimoja kutoka puani kwangu, akapiga mara moja. Tai ikakatika. Taya za jiliwa hazikupata hata mchubuko, wala mimi.

Mzee Masanja hakucheka. Alichutama akautazama mhimili wake.

"Baba," akasema, "ulikuwa umepinda mara moja. Sasa umepinda mara mbili."

Nawaambia, hayo maneno yaliniuma kuliko magoti.

Mjomba akauchukua, akauingiza motoni, akakaa. Nilibaki nimesimama na kipande cha tai shingoni nikimtazama, na ndipo nilipoona kitu ambacho miaka yangu yote ya utotoni nilikipita bila kukiona. Hakuvuta chuma. Alikiegemeza kwenye gogo, kisigino juu yake, akakipiga pigo dogo, akasikiliza, akageuza nusu, akapiga, na mapigo yale hayakuwa ya nguvu hata kidogo, yalikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, na chuma kikawa kinamtii. Kule kukaa, nilikokuonea huruma, ndiko kulikompa miguu miwili ya kushikia na mgongo usiochoka. Mara tatu motoni, mara tatu nje. Hata Mama Anastazia alikuwa ameshika upawa bila kupakua. Mwisho akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake, akaulaza chini.

Nikatoa rula yangu ya chuma mfukoni. Ndiyo, nilithubutu. Nikalala kifudifudi kwenye vumbi, nikaiweka juu ya ile sehemu inayopaswa kunyooka, nikatafuta mwanga unaopita chini yake. Haukupita mwanga. Nikahamisha, nikatafuta tena. Haukupita.

"Umeridhika, mwalimu?" Mjomba akauliza.

"Nimeridhika, Mjomba."

"Basi lete jembe tuchimbe."

Tukaizika stendi, ringi na zege na zaidi ya nusu ya bomba, mpaka taya zikawa usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa. Akabana shoka, akatikisa kwa nguvu, halikucheza. "Kitabu chako hakikosei," akasema. "Kiwiko tu ndicho hakikuwa changu."

Wiki hiyohiyo nilipita Mamba kwa baiskeli, nikakuta shamba la Mzee Masanja limelimwa lote, mistari imenyooka, mkewe anadondosha mbegu nyuma ya maksai. Mpita njia mmoja aliyesimama nami kutazama akaniuliza ni fundi gani aliyeitengeneza ile plau, maana alikuwa na ya kwake. Mdomo wangu, kwa mazoea, ukafunguka kutaja jina langu. Nikaufunga.

"Ni Mjomba Leonsi wa Kibaoni," nikasema. "Mimi nilimsaidia kuipinda."

Tangu hapo sijamjengea mtu kitu kabla sijakaa naye siku nzima nikimtazama anavyofanya kazi, mdomo umefungwa, na kwa mtu kama mimi, mnaonifahamu mnajua, hiyo ndiyo sehemu ngumu.