Ukili wa Bibi wa Kizungu

Juzi nilikwenda forodhani Wete kuchukua mzigo wangu, na masikio nayo nikayapeleka. Mbele yangu alisimama bibi wa Kizungu, mtalii. Miezi yake mitatu ya matembezi ilikwisha, basi akavuka nje ya nchi, akalala siku mbili, akarudi kuomba mitatu mingine, kama sheria inavyoruhusu. Karani wa uhamiaji akamkazia macho.

"Umetoka juzi, leo umerudi. Unafanya kazi hapa?"

Mwenyeji wake, bibi wa kijiji cha Msuka aliyekuja kumpokea, akadakia kwa fahari: "Tena kazi kubwa! Anasuka ukili wa mkeka, na mwalimu wake ni mimi."

Loo! Karani akauweka muhuri chini. "Bi, mtalii akifanya kazi namrudisha kwao."

Mzungu akaiva uso kama pilipili. Bibi wa Msuka hakutetereka. Alichomoa kikapuni ukili wa mgeni wake, utepe wa ukindu wa kushonea mkeka, akaukunjua mezani. Masikini, ulipinda kama njia ya mbuzi, huku mwembamba, huku mpana.

"Haya, mwanangu. Mamako angeuita huu kazi?"

Karani akaupapasa kwa vidole, maana naye kakulia mkekani. Akacheka hata kofia ikamdondoka. "Hii si kazi, Bi. Haya ni matembezi." Akagonga muhuri.

Kwao wana vyuo vya kila kitu, lakini huyu amevuka mpaka na kurudi ili arudie darasa Msuka. Na kwa ukili ule niliouona, miezi mitatu haitomtosha.