Mgeni wa Kuondoka Jumamosi

Niliondoka Kitale kwa ajili ya cheo, sitaficha. Nilikuwa nimependekezwa kuongoza wauguzi wanaowatunza majumbani wagonjwa wasio na matumaini ya kupona pamoja na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kilichobaki ni kuwasilisha mpango wangu, nami nilikuwa naringa nao: kila mgonjwa atunzwe na mtu wa kijiji chake. Wakubwa wakanituma kwanza Birmingham, Uingereza, nikajifunze kwa Dada Rahabu, Mkenya anayeongoza kazi hiyohiyo kule.

Asubuhi ya kufika, ukungu ulikuwa umelala juu ya mji. Nilipanda tramu hadi Edgbaston, miti ikipita polepole, abiria wote kimya, nisijue kama niko macho au bado naota ndani ya ndege. Rahabu alinipokea ofisini kwa chai ya maziwa. "Umekonda," akaniambia, na hatukuwa tumewahi kuonana.

Jumanne nilimsomea mpango wangu. Hakubisha. "Kesho uende Shard End," alisema. "Kuna mama wa kwetu huko. Amesema mtu yeyote aje, bora asiwe Mkenya."

Jumatano tuliketi ghorofa ya juu ya basi, mvua ikiteleza kwenye vioo na mapaa yakielea chini yetu. Nilitamani tusifike. Rahabu alinieleza habari za yule mama, ambaye nitamwita Tabitha, ingawa silo jina lake. Saratani ilikuwa imemfikisha ukingoni. Virusi alikuwa navyo miaka mingi, na Wakenya wenzake hawakujua.

"Hapa sisi ni kanisa moja, harambee moja, WhatsApp group moja," Rahabu alisema. "Hata mimi nasali naye. Nilipoona jina lake kwa list, file nikaipea deputy wangu Mzungu."

"Na mimi je?"

"Wewe uko na flight Saturday. Aliulizwa, akakubali." Tuliposhuka kituoni, alinionyesha nyumba kwa mbali. "Mimi naishia hapa stage. Wakenya wa hapa wanajua ofisi yangu inashughulika na virusi. Nikionekana na wewe, tumeharibu." Nikamwacha amesimama kwenye mvua.

Yule naibu Mwingereza alinifungulia, kisha akatuacha. Tabitha alikuwa amelala karibu na dirisha, mwepesi, macho makubwa.

"Unarudi lini?"

"Jumamosi."

"Uko na mtu wako hapa Birmingham?"

"Sina."

"Basi funga mlango, dada."

Alizungumza Kiswahili hadi mvua ikaisha. Watoto wake humjibu kwa Kiingereza, alisema, naye huchoka kutafuta maneno. Alinicheka nilivyovaa sweta mbili. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akitia pamba ndani ya chupa ya vidonge vyake vya virusi, visilie kwenye mkoba akiwa kanisani. Kisha akanishika mkono.

"Niombee. Lakini utaje magonjwa yote mawili. Kanisani wananiombea kansa tu. Hiyo ingine haijawahi kuombewa."

Niliyataja yote mawili, kwa sauti. Alilia, nami nikalia, ingawa wauguzi tunafundishwa tusilie. Nilipoaga alisema, "Nikishaenda, simulia watu wa nyumbani. Jina tu ndio usitaje."

Jumamosi nilipaa juu ya mawingu meupe, nikiona aibu. Katika mpango wangu wote sikuwa nimemuuliza mgonjwa anaogopa nani. Nilipofika Kitale niliufuta, nikaandika upya: mgonjwa mwenyewe achague nani aingie kwake na nani asiingie. Cheo nilikipata. Nilichojifunza ni kwamba kuna siku kiongozi hufanya kazi yake yote akiwa amesimama stage.

Majuzi Rahabu alinipigia. Tabitha amepumzika. Kwenye ibada ya mazishi kanisa lilijaa, na mchungaji akauliza nani alikuwa akimshughulikia dada yetu miezi hii yote, asimame ashukuriwe. Watu waligeuka wakatazamana. Rahabu alikuwa benchi la tatu. Alitazamana nao, akabaki ameketi.