Mkono wa Kulia wa Koti

Karani wa makumbusho ya mji wetu hapa Minnesota hajapata kumwamini mjane yeyote. Ukimpelekea koti la askari wa ile Vita Kuu hakupi pole. Anavaa miwani, analamba kidole gumba, kisha anasugua zile tepe za umbo la V kwenye mikono ya koti kama mtu anayetafuta kunguni. Mkono wa kushoto, tepe ya dhahabu ni miezi sita ng'ambo, ya fedha ni miezi sita hapa hapa nyumbani Marekani. Mkono wa kulia, dhahabu ni jeraha. Mzee Haldorsen alileta lake huku akisimulia mizinga ya Ufaransa. "Hii fedha, mzee," karani alimwambia mbele ya watu. "Ulilinda unga Kansas. Panya walikuwa wengi?"

Nilipopeleka koti la marehemu mume wangu, wifi zangu wawili walisimama nyuma yangu. Karani alihesabu dhahabu mbili za kushoto, akaridhika. Akapindua ile moja ya kulia, akautazama uzi wake, ambao haukufanana na wa zile za kushoto.

"Alijeruhiwa wapi, mama?"

Nilimzalia mume wangu watoto wanne na sikuwahi kuona kovu.

"Ufaransa," nilijibu.

"Nchi kubwa hiyo," akasema huyo muungwana. Kisha akalitundika koti katika kabati la kioo, akaligeuza taratibu mpaka mkono wa kulia ukaelekea ukutani. "Hapo jua halitaufikia."

Mbele za watu bado namwita mtu asiye na adabu. Jumapili nampelekea keki ya tufaha, naye huila bila kuikagua.