Fundi Umeme na Ngazi ya Bohari

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri.

Fundi umeme wa kiwanda cha sabuni hapandi ngazi kabla hajaipiga teke miguuni mara mbili na kufuta soli za viatu vyake kwa kitambaa. Siku hiyo taa ya bohari iliungua, na chini yake palikuwa pamemwagika mafuta ya sabuni. Akagoma.

"Ngazi haina undugu na mtu," alisema kwa sauti yake ya chini, akaenda kuchota maranda ya mbao ya kunyonyea mafuta sakafuni.

"Fundi mzima unaikwepa ngazi kama mama mkwe!" meneja alifoka, akapanda mwenyewe.

Kwenye kipandio cha saba ngazi iliteleza kidogo. Meneja akaikumbatia, macho kayafumba. Fundi alitupa maranda, akaja kuibana kwa bega na viganja vyake vipana.

"Shusha mguu wa kushoto, mzee. Huo ni wa kulia."

"Nitavunjika!"

"Huvunjiki, nimeishika. Haya, wa kushoto. Bado ni wa kulia, mzee."

Vipandio saba viliwachukua nusu saa.

Asubuhi iliyofuata fundi alisugua sakafu hadi ikakauka, akapanda, akabadilisha taa kwa dakika tatu. Alichelewa kushuka tu, maana meneja alikuwa ameing'ang'ania ngazi kule chini isiteleze, akaziba njia, na alikataa katakata kuiachia.