Kuku Aliyeatamia Chooni

Enzi zetu sisi tuliozaliwa Mwingereza akiwa bado anatutawala, hakuna mtoto wa kijiji chetu cha Mtunda aliyeulizwa kama ana minyoo. Ilikuwa sawa na kumuuliza kama ana magoti. Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa na msimamo wake: kila kiumbe kaja duniani na mchango wake, yaani minyoo yake, tumboni, na asiye na mchango chakula hakimsagiki. Ukimwambia tumbo linauma, anaweka sikio kwenye kitovu chako, anasikiliza kwa makini, halafu anasema, "Wana njaa hao. Nenda kale." Basi unakwenda kula.

Na tulikula haswa. Mpunga ulipoanza kukomaa tuliukaanga na kuutwanga ukawa pepeta, tukaila ya moto na nazi ya kukuna mpaka mashavu yakauma. Kulikuwa na kambale wa kuchoma, maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, na miwa tuliyoimenya kwa meno. Vijana wa leo ukiwapa muwa wanauliza kisu kiko wapi. Tulicheza kombolela, mdako na rede mpaka magharibi, wote pekupeku. Viatu tuliviona kwa karani na kwa mwalimu tu, na mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wale wana ugonjwa wa miguu.

Mpunga ulipobeba, familia nzima ilihamia bondeni kuuamia, kuulinda usiliwe, maana ndege wa Rufiji hawana huruma. Tuliishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi ya fito. Ukikaa juu unaliona shamba lote. Haja tulimalizia migombani nyuma ya dungu, penye kivuli na udongo mbichi laini, na kesho yake tulipita hapohapo pekupeku kutafuta ndizi mbivu. Vidole vya miguu vikawasha, tukavikuna kwenye ngazi. Tuliona ni mambo ya utoto tu.

Msije mkadhani hatukuwa na choo. Kijijini tulikuwa nacho, tena cha kupigiwa mfano. Bwana Afya, yule mtumishi wa serikali aliyepita na baiskeli akikagua vijiji, aliamuru kila nyumba ichimbe. Baba akachimba shimo refu, akasimamisha kuta, akakandika, akaezeka makuti mapya. Kilipokamilika kilikuwa kizuri kuliko nyumba tuliyolala. Bibi akakizunguka mara mbili, akauliza mtu mwenye akili timamu atakwendaje haja ndani ya nyumba. Kisha akahifadhi humo mbegu zake za mpunga, na pembeni akaweka kapu la kuku wake mweusi wa kuatamia. Ikisikika kwamba Bwana Afya yuko njiani, kuku anatolewa na sakafu inafagiwa. Bwana Afya alichungulia, akaandika kwenye daftari lake, akampa Baba mkono: hajapata kuona choo kisafi namna ile. Alisema kweli tupu.

Mimi nilikuwa na siri yangu. Nilikuwa nakula ukuta. Nyuma ya kitanda nilicholala na Bibi, udongo ulikuwa mwekundu na laini, na mvua ikinyesha harufu yake, we acha tu! Nilibandua kidogo leo, kidogo kesho, na tundu likakua. Bibi aliliona, akalaani panya.

Wakati huohuo nilikuwa nachoka. Kwenye rede nilikuwa wa kwanza kutoka. Nikichota maji napumzika mara tatu njiani, moyo unadunda mpaka masikioni. Wenzangu wakaniita Bi Kizee, na Mama akawa anasema, "Huyu mtoto kazaliwa kachoka." Mama hakuwa mkali kwa tabia. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi humwoni amekaa.

Siku moja akaniacha peke yangu kwenye dungu, yeye akaenda msibani kitongoji cha pili. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba yenye madebe, kupiga kelele na kurusha kombeo. Nilivuta, nikavuta, kisha nikasema niegemee nguzo kidogo tu. Niliposhtuka, Mama amesimama chini na kona nzima ya shamba imebaki mabua. Kweleakwelea walikuwa wameshakula na kuondoka zao. Mama alipanda ngazi, akanipiga kofi moja. Kofi halikuniuma kama neno lake: "Mvivu we! Mwaka huu tutakula usingizi wako?"

Tangu siku ile hilo ndilo likawa jina langu. Jina la Somoe nililopewa na wazazi likasahaulika, nikawa Mvivu. Na Baba alikuwa ameahidi kwamba mwaka mpya nitaanza shule, mimi mtoto wa kike, jambo ambalo si kila baba alilikubali. Nikamsikia Mama akimwambia, "Huyo shule akafanye nini? Akalale?" Baba hakujibu. Nilitaka shule kuliko kitu chochote duniani, na nilijua kunyamaza kwa Baba maana yake nini. Nililia mpaka nikalala, na kule kulala nako kukahesabiwa uvivu.

Mavuno yakaisha, tukarudi kijijini, na Bibi akamtegea panya wake. Mchana mmoja baada ya adhuhuri, watu wamepumzika, nikapeleka mkono kwenye tundu langu. Mtego ukafyatuka. Wanasema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Mimi nilikuwemo. Nilipiga yowe, Bibi akaja mbio na mchi, "Nimempata mshenzi!" na mchi ukaganda juu alipoona panya mwenyewe ni mjukuu wake, kidole kimenaswa na udongo umejaa mdomoni.

Walicheka wote, hata Mama. Bibi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alinivuta mpaka mlangoni penye mwanga, akanitazama midomo, akanitazama kucha.

"Anakula udongo," akasema taratibu. "Huyu ana safura, ugonjwa wa kuishiwa damu."

Kwa siku tatu alinitwangia mbegu za papai. Minyoo kadhaa walitoka, Bibi akaita majirani waje kuona kazi yake, lakini kuhema kulikuwa palepale. Siku ya nne Baba akaazima baiskeli, akanikalisha nyuma, akawa anaisukuma na Mama anatembea pembeni amenishika mgongo. Hivyo ndivyo tulivyofika Kibiti, penye zahanati.

Dresa, mganga wa zahanati, alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya baridi. Hakuniuliza kitu. Aliweka kidole chini ya jicho langu, akavuta ngozi chini.

"Mama, njoo uone," akasema. "Hapa panatakiwa pawe pekundu. Wewe unaona nini?"

"Naona peupe," Mama akasema.

"Analala sana?"

"Analala mno. Sisi tunamwita Mvivu."

"Si mvivu huyu. Ananyonywa damu. Wewe ungekuwa na damu hii, hata kisimani usingefika, na huyu bado anasimama."

Mama akavuta kanga, akajifunika uso. Nilimwona mabega yanatikisika, na sikuelewa kwa nini analia wakati mimi ndiye niliyesifiwa.

Dresa akaeleza. Mayai ya minyoo hutoka na haja kubwa, yakipata kivuli na udongo mbichi yanatoa wadudu wadogo usioweza kuwaona kwa jicho. Hao hupenya ngozi ya unyayo, huenda na damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, ndipo hufika kwenye utumbo wakang'ata na kunyonya. Baba alisikiliza, kinywa wazi.

"Bwana Dresa, mdudu huyo anasafiri kuliko anayekwenda hija!"

"Na anafika," Dresa akajibu. "Choo mnacho?"

Baba akajiweka sawa. "Tunacho. Kimesifiwa na Bwana Afya mwenyewe."

"Mnakitumia?"

Baba akamtazama Mama. Mama akatazama dari. Mimi nilifundishwa kutosema uongo mbele ya watu wazima, nikasema, "Kuna kuku anaatamia."

Dresa alicheka mpaka akavuta kiti. Kisha akafuta macho, akatuambia neno moja bila kucheka: dawa atanipa, lakini kama kuku hatoki, nitarudi kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo huenda nikabebwa.

Tulilala kwa ndugu wa Baba palepale Kibiti. Asubuhi, tumbo tupu, nikanyweshwa dawa iliyochoma pua, ikafuatiwa na chumvi ya haluli ya kuendesha tumbo. Yaliyofuata siyaandiki, waliowahi kunywa haluli wanajua. Tukarudi na chupa ya dawa ya kuongeza damu, ina ladha ya kulamba msumari.

Sasa ikabaki kumwambia Bibi. Baba alizunguka weee, akaanza na habari za ndugu, za mvua, za barabara. Alipofika kwa kuku, Bibi akamkazia macho. Kwake kuku yule alikuwa kama mtoto wa mwisho, na alikuwa amelalia mayai kumi na mbili.

"Mchango wa kupita unyayoni?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Na kuku asipotoka, mtoto harudi kuwa mtoto?"

"Ndivyo."

Bibi akainuka. Aliingia chooni, akatoka na kapu zima, kuku na mayai yake, akaliweka chini ya kitanda chake. Mbegu za mpunga akazitoa mwenyewe. Yule kuku hakukubali kirahisi; wiki nzima alitoroka akarudi kusimama mlangoni mwa choo, na kila aliyekwenda haja alidonolewa miguu. Baba akanichongea mitalawanda, viatu vya mti, nikawa nakwenda ko-ko-ko kijiji kizima kinajua Somoe anakwenda wapi. Na Baba mwenyewe, kwa kuwa amejifunza elimu mpya, akaanza kuwafunua macho mbuzi wetu. Alikuwepo mmoja aliyekuwa wa mwisho siku zote na anachapwa kila jioni. Jicho lake lilikuwa jeupe.

"Na huyo naye mlimwita mvivu?" Bibi akauliza, akaenda kutwanga mbegu za papai.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya shule, Mama alinisuka. Alikuwa nyuma yangu, sikuuona uso wake.

"Somoe," akasema, "nilikupa jina lisilo lako. Nisamehe, mwanangu."

Enzi zetu mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Sikujua linajibiwaje jambo hilo, nikalia tu, na yeye akaendelea kusuka, akakaza nywele kuliko kawaida.

Leo wajukuu zangu wanagawiwa kidonge cha minyoo shuleni, kimoja tu, wanatafuna kama peremende na kulalamika kwamba hakina utamu. Wanavaa ndala hata ndani penye marumaru. Nawakuta wamejilaza kwenye kochi na simu toka asubuhi, nawavuta ngozi ya jicho, naona pekundu kama tikiti. Hapo ndipo ninapotamka: huu sasa ni uvivu halisi, inuka! Wanacheka, wananikimbia. Lakini natazama kwanza, siku zote natazama kwanza. Dawa zimekuwa rahisi siku hizi, na nashukuru. Ila naona watoto wengi wanapewa majina na hakuna aliyewafunua jicho.

Mama aliishi sana. Miaka yake ya mwisho alikuwa akisinzia kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Siku moja nilimsogelea kimya kimya, nikaweka kidole chini ya jicho lake. Hakushtuka. Alitabasamu, macho yamefumba bado.

"Tazama vizuri, Somoe," akaniambia. "Usije ukaniita mvivu."