Ratili Nane za Verna Stumbo

Verna Stumbo alikuwa mpishi wa shule kwa miaka kumi na tisa, katika mji mdogo wa milimani mashariki mwa Kentucky, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kubeba hata kipande cha mkate wa shule bila kuomba. Watu walimjua hivyo. Ndiyo maana alichokifanya kwenye chumba cha mizani kilimkaa rohoni kuliko ambavyo kingemkaa mtu mwingine.

Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kila asubuhi Delmer, mumewe, aliinama kumfunga kamba za viatu kabla hajaenda kazini, na Verna alitazama dari ili wasikutane macho. Daktari akasema hakuna lingine ila upasuaji wa kupunguza tumbo, ili uzito ushuke na magoti yapumzike. Bima ya wafanyakazi wa shule ingelipa, lakini kwa masharti: mtu wa kimo chake afikishe ratili mia mbili thelathini na tatu, kisha apimwe kila mwezi kwa miezi sita bila kuongezeka. Verna alikuwa na mia mbili ishirini na sita.

"Ungekuwa na kisukari kiwango kingeshuka, ningekupitisha leo hii," karani wa bima alimwambia kwenye simu, na kweli alisikitika.

Verna akakata simu akabaki anamwonea mtu wivu kwa ugonjwa wake. Mtu huyo ni Twyla Ratliff, mpishi mwenzake na shoga yake wa siku nyingi. Twyla alikuwa na kisukari mwaka wa nane, na uzito wake wa ratili mia mbili thelathini na sita ulivuka kiwango bila taabu. Walikuwa wamekubaliana kuomba pamoja na kwenda kupimwa pamoja, kwa gari la Twyla.

Kwa wiki mbili Verna alikula kwa makusudi: mikate ya siagi na mchuzi mzito wa soseji asubuhi, pai ya tufaha jioni. Akaongeza ratili mbili. Kisha ugonjwa wa kuhara ukapita shuleni, ukazichukua zote mbili. Siku moja kabla ya kupimwa alifungua sanduku la Delmer la zana za kuvulia samaki, akatoa chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia ndoana, akazipima mpaka zikafika ratili nane. Akazishona ndani ya soksi, akazifunga mapajani chini ya sketi pana.

Muuguzi wa kliniki aliyeitwa Ilene alimvua viatu na koti tu. Verna alipopanda mizani, chubwi ziligongana.

"Nini hicho?" Ilene akauliza.

"Magoti yangu."

"Maskini, mpenzi wangu. Pole sana." Ilene akaandika mia mbili thelathini na nne.

Verna alicheka peke yake chooni. Siku hiyo alijiona mjanja. Bima inawatesa watu, naye ameitesa kidogo, kosa liko wapi?

Kosa lilianza kuonekana kwenye kipimo cha pili. Hakupungua chochote, alipunguza chubwi tu, na Ilene akampigia makofi. Kipimo cha tatu akapunguza nyingine. Wakiwa garini, Twyla akamgeukia.

"Verna, hebu niambie. Unafanyaje wewe? Mimi nakula majani kama mbuzi, sitikisiki."

"Nimeacha soda," Verna akasema, kwa kuwa ndilo neno lililomjia.

Kesho yake Twyla alimwaga soda zote za nyumbani kwake. Alikuwa akizipenda tangu utotoni. Wiki nzima aliumwa kichwa, huku akimwambia kila mtu kwamba Verna ndiye aliyempa moyo.

Baada ya kipimo cha nne mama yake Twyla alifariki. Majirani wakaleta chakula kama ilivyo desturi, sahani juu ya sahani, na Twyla, ambaye hakulia mazikoni, alikula akiwa amesimama mbele ya friji. Kipimo cha mwisho kilimkuta na ratili mia mbili thelathini na tisa. Verna alipanda mizani siku hiyo hiyo bila chubwi hata moja, uzito ule ule aliokuwa nao siku zote, na Ilene akatangaza kuwa amepungua ratili nane.

Barua zilifika mwezi Mei, zote wiki moja. Ya Verna ilisema amekubaliwa. Ya Twyla ilisema mwombaji hakuonyesha uwezo wa kufuata masharti.

"Usinitazame hivyo," Twyla akamwambia, akimkumbatia katikati ya masufuria. "Wewe umelitolea jasho. Mimi tumbo limenishinda."

Verna alijitoa mikononi mwake, akaendelea kusugua sufuria.

Verna alipasuliwa mwezi Juni, shule zilipofungwa. Twyla alikuja hospitalini na chupa ya supu, akamnywesha kijiko kimoja kimoja kama karatasi ya daktari ilivyoelekeza. Verna akaanza kulia. Twyla akadhani ni maumivu, akatoka mbio kumwita muuguzi.

Shule ilipofunguliwa nguo zilikuwa zinampwaya. Walimu walimsimamisha ukumbini kumsifu. Nyumbani alimwambia Delmer kwamba ataiandikia bima aseme ukweli.

"Ili wafanye nini, wakurudishie tumbo?" Delmer akauliza. "Si bima inayokunyima usingizi, mke wangu. Unayemkosea unamjua."

Hata hivyo Verna alikawia kumwambia Twyla mpaka Desemba. Siku moja kulikuwa na mpishi mpya, naye Twyla alikuwa akimwelekeza huku akimenya viazi. "Mtazame Verna yule," alisema. "Tulianza pamoja. Yeye alishika masharti, mimi nikashindwa." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja tarehe.

Verna akamwomba waingie ghalani. Akafunga mlango, akamwambia yote: chubwi, soksi, soda.

Twyla aliangua kicheko. "Chubwi! Na yule Ilene akakupa pole!" Alicheka mpaka akashika rafu. Halafu kicheko kikakatika.

"Ilene aliniambia nikate rufaa," alisema polepole. "Alisema msiba wa mama ni sababu tosha, watanikubalia. Miezi sita walinipa."

"Basi kata! Nitakusaidia kuandika."

"Imeisha mwezi uliopita." Twyla alijifuta mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole. "Sikuandika kwa sababu yako. Nilijiambia, niandike nini? Masharti ni yale yale, Verna ameyaweza. Nikaona aibu."

"Twyla, sikujua..."

"Kuiibia bima si neno. Ungenishirikisha ningekushikia hizo soksi. Lakini wewe uliniacha nijione sifai, mwaka mzima, na ulikuwa unaniona."

Akarudi kwenye viazi.

Muhula uliofuata walizungumza mambo ya kazi tu: chumvi, trei, saa. Mwezi Februari kidonda cha kisukari kilimfanya Twyla akatwe vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hakuna daktari aliyesema upasuaji ungevinusuru, na Verna hakuthubutu kuuliza. Alipeleka supu, aliyeipokea mlangoni alikuwa binti yake Twyla, akashukuru kwa adabu, hakumkaribisha ndani.

Twyla alianza upya ile miezi sita. Kwa kuwa mguu haukumruhusu kuendesha, siku moja alisimama kando ya jiko la Verna.

"Alhamisi binti yangu yuko kazini. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka. Kila mwezi, ukitaka."

"Nimesema Alhamisi hii."

Walipofika kliniki, Verna aliwahi kumfungulia mlango wa gari, lakini Twyla alishatanguliza fimbo yake nje. "Kaa humu," akasema. Verna akakaa. Aliporudi, Twyla alifunga mkanda, akatazama mbele, hakutaja ratili zake. Verna aliwasha gari, akawa anaendesha taratibu kwenye kona za mlima, ili mguu ule usigonge popote.